Miche yangu imekufa siku nne tu baada ya kuipanda. Nimekosea wapi?

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Usa River, karibu na Arusha, nyumba ya kupanga yenye uwanja mdogo nyuma, kama hatua nane kwa tano. Mwezi huu wa Machi mvua zilipoanza kushika niliamua kuacha kununua mboga kila siku. Nikainua matuta matatu, nikachanganya samadi ya kuku niliyoitoa bandani kwa jirani, kisha Jumamosi nikaenda sokoni nikanunua miche 30: nyanya 12, sukuma wiki 10 na hoho 8. Muuzaji alinichagulia nyanya ndefu ndefu, nyingine zina maua tayari, akasema zitawahi kuzaa. Alizing'oa kitaluni akanifungia kwenye gazeti. Nikapanda mchana ule ule, kila mche nikauwekea kijiko cha urea, nikawa namwagilia asubuhi, mchana na jioni. Kufika Jumatano nyanya 9 zimelala na kukauka, sukuma nne zimekatwa shingoni kama kwa wembe, na hoho hazifi wala hazikui, zina rangi ya njano tu. Kwenye video za Ulaya wanasema nyanya hupandwa majira ya machipuko, nami nikaona kwetu ndiyo masika haya. Mama mkwe anasema sina mkono wa kupanda. Je, nirudie sasa, nianze na mbegu, au nisubiri mvua ziishe?"

Marahaba dada. Mama mkwe ni mzazi, tusimjibu, lakini hilo la mkono silikubali. Mkono wako haujaua mche hata mmoja. Kilichotokea ni kwamba vifo vya aina tatu vimekutana kwenye uwanja mmoja ndani ya siku nne, ukaviona kama kitu kimoja. Nyanya zako zimekufa kwa kiu. Sukuma zimeliwa. Hoho zimeungua. Tuvichukue kimoja kimoja, halafu turudi kwenye hilo la machipuko na masika, maana hapo ndipo swali lako lilipo hasa.

Najua utasema: kiu vipi, na mvua inanyesha, na mimi namwagilia mara tatu? Mche haunywi kwa mizizi ile minene unayoiona. Hunywa kwa vinyweleo vidogo sana vilivyo karibu na ncha za mizizi, vyembamba kiasi kwamba ukiung'oa mche kitaluni vingi hubaki kwenye udongo. Huku juu, majani yanaendelea kutoa maji kupitia vitundu vyake kama kawaida, na jua la mchana likipiga yanatoa zaidi. Ni tangi ambalo bomba la kuingiza limekatwa, na la kutolea liko wazi. Mche wenye afya unahitaji siku kadhaa, mara nyingi wiki nzima, kuotesha vinyweleo vipya. Kazi yote ya anayepandikiza ni kuuvusha salama katika siku hizo.

Sasa tazama ulichouziwa. Mche mrefu una majani mengi, kwa hiyo una midomo mingi ya kutoa maji, na mizizi yake imebaki kitaluni. Wenye maua umeshaanza kupeleka chakula kwenye uzazi wakati hauna hata pa kunywea. Yule muuzaji si lazima awe tapeli. Miche ilikuwa imempitia umri na alitaka iondoke, basi. Lakini wewe uliyekuja kununua ulipaswa kuchagua mifupi: nyanya yenye majani manne au matano ya kweli, shina nene kama penseli, umri wa wiki nne hivi, haina ua. Kama iko kwenye trei, uombe kuuvuta mmoja utoke na udongo wake. Mizizi iwe myeupe na ishike udongo, isiwe imejizungusha chini kama kamba. Miche ya trei ni ghali kidogo, lakini inakuja na vinyweleo vyake, na kwa mtu anayeanza tofauti hiyo inalipa.

Kumwagilia mara tatu hakukusaidia, kulidhuru. Mizizi nayo inapumua. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na mzizi usio na hewa haunywi hata ukiwa umezama. Hapo ndipo wengi tunapoteleza: tunaona jani limelala, tunaongeza maji, jani linalala zaidi, tunaongeza tena. Kabla ya kumwagilia ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, weka ndoo chini.

Sukuma ni kesi nyepesi. Mche uliokatwa usawa wa udongo, kichwa kimelala pembeni bado kibichi, hiyo ni kazi ya sota. Ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo, anayejikunja ukimgusa. Mchana analala ardhini, usiku anatoka. Kesho asubuhi mapema chukua kijiti, fukua taratibu kuzunguka shina lililokatwa, kina cha vidole viwili au vitatu, mara nyingi utamkuta palepale ameshiba. Muue, maana usiku unaofuata anahamia mche wa jirani. Watu watakuambia umwage majivu. Majivu makavu humsumbua kidogo, lakini wakati wa mvua yanageuka tope usiku wa kwanza, kwa hiyo usiyategemee. Kinachofanya kazi bustani ndogo kama yako ni kola: kata kikombe cha karatasi au chupa ya maji iwe pete ya urefu wa vidole vitatu, uizungushe kwenye shina, nusu yake izame udongoni. Na safari nyingine safisha magugu wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Nondo wake hutaga kwenye magugu, na ukipalilia leo ukapanda leo, umewaondolea viwavi chakula cha zamani na kuwaletea kipya mezani.

Hoho zimenisikitisha zaidi, kwa sababu hizo uliziumiza kwa nia njema. Unapotengeneza kachumbari, ukikata kitunguu ukakinyunyizia chumvi, dakika chache bakuli linakuwa na maji. Hayo maji yametoka ndani ya kitunguu, chumvi imeyavuta. Urea nayo ni mbolea ya chumvichumvi, na asilimia 46 yake ni naitrojeni. Kijiko kizima kwenye shimo la mche usio na vinyweleo ni kachumbari ile ile: badala ya mzizi kunywa, unanyonywa. Juu ya hapo kuna samadi ya kuku ya moja kwa moja kutoka bandani. Ile harufu inayouma pua na kutoa machozi ni amonia, na mzizi mchanga hauivumilii. Samadi ya kuku ni mali, tena ni kali kuliko ya ng'ombe, lakini lazima ioze kwanza, miezi miwili au mitatu kwenye lundo lililofunikwa, hadi iwe nyeusi, imepoa na kunuka udongo. Nakuambia haya kama mtu aliyeungua. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliunguza tuta zima la mboga ya Chinese kwa samadi mbichi ya kuku, na lilikuwa shamba darasa, wakulima wote wanapita wanaangalia.

Hoho zako usizing'oe bado. Fukua taratibu pembeni uondoe punje za urea kama zingalipo, sogeza samadi mbali na shina kiasi cha shibiri, na usiongeze mbolea wala dawa yoyote kwa wiki mbili. Usiangalie majani ya zamani, yakishakuwa njano hayarudi. Angalia jani jipya la katikati. Likitoka la kijani, mche umepona. Likitoka limekunjamana na la njano nalo, uondoe mche, kisha panda kingine.

Sasa masika. Kamusi na video zimekuchanganya, na si wewe peke yako. Neno la Kiingereza la majira yale ya Ulaya mara nyingi hutafsiriwa "masika", watu wanadhani ni kitu kimoja. Sicho. Ulaya mmea unasubiri baridi iondoke. Wakati wa baridi ardhi inaganda, nyanya ikiguswa na umande ulioganda usiku mmoja inakufa, na mwanga wenyewe ni haba: London mwezi Desemba mchana una urefu wa saa nane tu hivi, mwezi Juni unazidi saa 16. Machipuko kwao ni mlango unaofunguka kuelekea joto na jua. Anayepanda nyanya pale mwishoni mwa machipuko anajua kuwa kila wiki ijayo itakuwa na mwanga zaidi ya iliyopita, angalau hadi Juni.

Sisi hapa chini ya Mlima Meru tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, tofauti ni dakika chache. Usa River haigandi. Kinachotuamulia cha kupanda ni maji, yakipungua na yakizidi. Nyanya uliyoipanda mwishoni mwa Machi inaelekea wapi? Inaelekea Aprili, mvua zikiwa kwenye kilele, kisha Juni na Julai za ubaridi na mawingu yasiyofunguka hadi saa sita mchana. Yule wa Ulaya anaingia kwenye jua, wewe unatoka juani kwenda kwenye unyevu. Mmeianza safari kwa jina moja, kila mmoja anakwenda upande wake.

Na unyevu wa baridi una mwenyewe. Anaitwa bakajani chelewa, ugonjwa ule ule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845 ukaleta njaa kubwa, maana nyanya na kiazi mviringo ni ndugu. Hauhitaji mengi: usiku wa ubaridi na jani lililolowa kwa saa kadhaa. Utaona mabaka ya kahawia yanayoelekea kuwa meusi, kama jani limemwagiwa maji ya moto, na chini ya jani asubuhi ukungu mweupe. Kutoka baka la kwanza hadi mmea kuisha inaweza kuchukua wiki moja. Wakulima wanaolima nyanya masika hupiga dawa ya ukungu kwa ratiba, mvua ikiosha wanarudia. Kwa mtu wa nyanya 12 nyuma ya nyumba, watoto wanacheza hapohapo, mimi siishauri hesabu hiyo. Hata kama nyanya zako zisingelala Jumatano ile, nyingi zingekufa Mei.

Kwa hiyo masika yana machipuko yake, ila ni ya majani. Sukuma, Chinese, figiri, mchicha, mnafu, spinachi, majani ya kunde na ya maboga, hizi zote zinataka maji na haziogopi mawingu. Machipuko ya nyanya kwa ukanda wenu yako upande wa pili wa mvua.

Uliuliza urudie, uanze na mbegu, au usubiri. Jibu langu ni vyote vitatu, kila zao na lake. Sukuma rudia wiki hii, na uongeze Chinese, ila tuta lile la samadi mbichi liache lipoe wiki nne angalau, likoroge mara moja moja, tumia mengine kama hukuyawekea nyingi. Kama yote matatu yananuka amonia, basi fungua tuta la nne pembeni lisilo na samadi, au jaza udongo na mboji iliyooza kwenye magunia matano, upande humo. Kwenye nyumba ya kupanga magunia yana faida nyingine: ukihama yanahama.

Mbegu tumia kwa yale yasiyotaka kuhamishwa. Mchicha na figiri ziwekwe kwenye mistari moja kwa moja. Karoti usinunue miche yake hata ukiikuta sokoni, mzizi ukishaguswa ncha unagawanyika, utavuna vitu vyenye miguu mitatu. Maharage, bamia na maboga nazo zina haraka ya kuota, hazina haja ya kitalu. Lakini kuotesha mwenyewe miche ya sukuma, kwa mahitaji yako, sioni sababu. Pakiti moja ina mbegu mamia, wewe unataka miche kumi. Na kitalu cha masika kinashambuliwa na kinyausi, ule ugonjwa wa miche kunyong'onyea shingoni na kuanguka kwa makundi, hasa ikibanana na kulowa muda wote. Nunua ya trei mwaka huu, kitalu ujifunze mwakani.

Nyanya subiri. Sia mbegu mwanzoni mwa Julai au agiza miche, hamishia bustanini mwanzoni mwa Agosti, Oktoba unaanza kuchuma kabla vuli haijakolea. Sitakudanganya kwamba kiangazi hakina adui. Kuna kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hula nyanya, aliyetokea Amerika Kusini na kuonekana nchini mwaka 2014, na kuna inzi weupe. Utamwagilia wewe, si mawingu. Lakini nyanya chache kama zako unaweza kuzipitia kila asubuhi kwa macho, ukichuma kila jani lenye njia za viwavi na kulifunga kwenye mfuko wa nailoni juani. Kwa bakajani chelewa macho hayatoshi. Zipo mbegu zilizotolewa hapohapo jirani yako Tengeru mwaka 1997, Tengeru 97 na Tanya, ambazo si chotara. Ukitaka kuhifadhi mbegu ya nyanya zako za mwaka ujao, anza na hizo.

Siku ya kupanda tena fanya hivi. Siku saba kabla, miche ikiwa bado kwenye trei, ipunguzie maji na kivuli kidogo kidogo ili izoee jua. Siku yenyewe subiri saa kumi na moja jioni, au mchana wa mawingu mazito. Mwagilia trei kwanza. Toa mche na udongo wake, shika jani, usishike shina. Jani likichanika litaota jingine, shina likipondeka ndiyo basi. Sukuma zipe sentimita 45 kati ya mche na mche, ukibana zitakupa majani ya kulishia sungura. Nyanya, ikifika zamu yake, izamishe hadi karibu na majani ya chini, kwa sababu shina lake lina uwezo wa kuotesha mizizi mipya. Hoho iache kimo kile kile ilichokuwa nacho kwenye trei. Bonyeza udongo kwa vidole usibaki uwazi, mwagilia mara moja polepole, kisha simamisha matawi machache yenye majani upande wa magharibi yakinge jua la alasiri kwa siku nne au tano. Tandaza nyasi kavu, zisiguse shina. Mbolea ya kukuzia subiri wiki tatu, na hapo iwe kiasi cha kifuniko cha soda cha CAN (mbolea ya naitrojeni na kalsiamu), mbali na shina kiasi cha kiganja. Urea ibaki kwa wenye mahindi. Wiki ya tano au ya sita utaanza kuchuma majani ya chini ya sukuma, ukiacha matano au sita ya juu yaendelee kulisha mmea.

Kuna mambo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Ukiona mmea mkubwa, wenye majani ya kijani kabisa, umenyauka ghafla na udongo una unyevu wa kawaida, kata kipande cha shina karibu na ardhi ukitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya maji, huo ni mnyauko bakteria, na tuta hilo usipande tena nyanya, hoho, bilinganya wala viazi mviringo hadi umuone mtaalamu. Ukiung'oa mmea uliodumaa ukakuta mizizi ina vinundu kama shanga, hao ni minyoo fundo, nao wanataka mpango wa misimu. Katika hali hizo mtafute afisa ugani wa kata yako, au nenda TARI Tengeru, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kwako si safari. Kwa wadudu na magonjwa yasiyojulikana, pamoja na kuuliza kama dawa uliyouziwa imesajiliwa, TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, wako Arusha hapo. Chukua mmea mzima na mizizi na udongo wake, ukiufunga kwenye gazeti lenye unyevu. Picha ya jani moja kwenye simu imeshatupotosha mara nyingi. Na ukijisikia vibaya baada ya kupiga dawa, wewe au mtoto, usiniandikie mimi, nenda hospitali na kopo la dawa mkononi.

Nyanya tatu zilizobaki nazo zisikuumize kichwa. Kata maua yote, ondoa majani ya chini yanayogusa udongo, ziegemeze kwenye miti, kisha zitengenezee paa dogo la nailoni angavu juu ya nguzo nne, pembeni pawe wazi hewa ipite. Jani likikaa kavu, ugonjwa unakosa pa kuanzia, na unaweza ukala nyanya mbili tatu za masika kwa bahati. Baka la kwanza jeusi likitokea, ng'oa mmea siku hiyo hiyo, uuzike mbali. Usiutupe kwenye lundo la mboji.